Dizeli ya Ngong Haigandi

Kuanzia Juni hadi Agosti, mawingu yakishatulia juu ya vilima vya Ngong na jua likawa la kubahatisha, gereji za Ngong, Kiserian na Kitengela hupokea kesi ile ile kila asubuhi. Pikapu au lori lililolala nje limekataa kuwaka, dereva amepiga stata hadi betri ikachoka, na anapomfikia fundi anakuja na hukumu tayari: "Fundi, dizeli imeganda." Fundi mwenye subira atamjibu, "Imeganda wapi, dere? Huku si Urusi." Asiye na subira atamuuzia filta mpya na kichupa cha dawa ya kuyeyusha mafuta, na kesho yake alfajiri gari litagoma vilevile.

Dizeli safi haigandi Ngong. Haigandi Isinya, wala Kajiado mjini, wala hata Limuru. Ukilijua hilo utaokoa pesa, kwa kuwa utaacha kutibu ugonjwa ambao gari lako halina na kuanza kuutafuta ule linaougua.

Dizeli ina nta ndani yake. Mafuta yakiwa na joto la kawaida nta hiyo imeyeyuka humo na huioni. Joto likishuka vya kutosha, chembe ndogo huanza kujitenga na mafuta yakaingia ukungu. Likishuka zaidi, chembe hushikana na kuziba vitundu vya filta. Likizidi kushuka, tangi zima huwa zito lisilomiminika. Hatua ya pili ndiyo inayolaza malori njiani, maana filta huziba mapema sana kabla tangi halijaganda. Yote hayo, kwa dizeli ya kawaida, hutokea karibu na nyuzi sifuri au chini yake. Viwango vya Ulaya vya EN 590 vinaigawa dizeli kwa madaraja kulingana na baridi inayoweza kuvumilia: daraja A, lililo legevu kuliko yote ya nchi zisizo za aktiki, linatakiwa bado lipite kwenye filta joto likiwa nyuzi 5, na kila daraja linalofuata linashuka nyuzi tano hadi F, ambalo linapita hata kwenye nyuzi −20.

Sasa linganisha na kwetu. Mji wa Ngong uko zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha vilima kinafika mita 2,460. Usiku wa kawaida wa Julai joto huzungukia nyuzi 10 hadi 12, na asubuhi kali hushuka chini ya 10. Ni baridi ya kuvaa jaketi mbili, ila kwa dizeli ni hali ya hewa nzuri. Kitengela na Kajiado ziko chini zaidi, na ukiteremkia Magadi, karibu mita 600, unaanza kutafuta kivuli.

Kuna wanaosema ni upepo. Upepo wa Ngong ni wa kweli. Ndio unaozungusha mitambo ya umeme ya KenGen kule juu, na mitambo ya kwanza ilisimikwa mwaka 1993. Lakini upepo hukuumiza wewe kwa sababu mwili wako una joto la kunyang'anywa. Tangi la chuma lililolala nje lilishapoa usiku; upepo hauwezi kulifanya liwe baridi kuliko hewa inayolizunguka. Hata Kinangop na Timboroa, ambako jalidi huunguza majani ya viazi alfajiri, tangi la lita mia mbili hupoa polepole kuliko jani, na jua huwahi kutoka kabla nta haijapata nafasi.

Mafuta yanayoganda Ngong ni yale ya jikoni. Mafuta mengi ya kupikia tunayonunua yametokana na mawese, na mwezi wa Julai utayakuta yamekuwa meupe na mazito ndani ya mtungi. Kwa hiyo kama kuna mtu aliyekushauri kunyoosha dizeli kwa mafuta yaliyobaki kwenye kikaango cha chipsi, au umenunua dizeli ya mimea iliyotengenezwa kwa mawese au mafuta ya wanyama, basi wewe ndiye yule mmoja ambaye kesi yake ni ya kweli. Dizeli ya mawese huanza kuingia ukungu kwenye nyuzi 13 hadi 16 hivi, yaani jioni ya kawaida ya Julai pale Embulbul. Dawa yake ni kuitoa kwenye tangi, kubadilisha filta na kutorudia. Kama ni lazima uitumie, subiri Januari, na uichanganye kidogo tu ndani ya dizeli nyingi.

Kabla ya kufungua chochote, tazama ekzosi

Injini ya dizeli haina cheche. Inavuta hewa, inaibana mpaka hewa yenyewe ipate moto wa mamia ya nyuzi, kisha inapulizia dizeli humo, na dizeli inawaka. Sasa weka mambo matatu pamoja: chuma kilicholala kwenye baridi na kinachonyonya joto la hewa iliyobanwa; betri iliyochoka inayozungusha injini polepole kiasi cha joto kupata muda wa kutoroka; na mwinuko. Hili la tatu husahaulika. Ngong hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 20 ukilinganisha na Mombasa, na hewa pungufu ikibanwa hutoa msukumo mdogo. Ndiyo maana lori linaloshuka Magadi kuchukua mzigo linawaka huko kwa mguso mmoja, na likilala Kiserian linakohoa hadi majirani waamke. Baridi haijaharibu kitu. Imefichua kilichokuwa kimechakaa tangu Februari.

Kwa hiyo omba mtu akupigie stata wewe ukiwa nyuma ya gari. Moshi utakwambia pa kwenda.

Ukitoka moshi mweupe mzito unaochoma macho, dizeli inafika kwenye silinda ila haiwaki. Mafuta hayana kosa, joto ndilo linalokosekana. Nenda kwenye plagi za hita, betri, stata, na mwishoni kabisa kwenye nguvu ya mbano. Usipotoka moshi wowote, injini inazunguka vizuri lakini ekzosi iko kimya, basi dizeli haifiki. Tafuta hewa kwenye mabomba, filta iliyoziba, maji, au ile swichi ya umeme inayofungulia mafuta kwenye pampu. Na kama injini yenyewe inazunguka kwa kujikokota, achana na mafuta na hita. Shughulikia umeme kwanza.

Uchunguzi huu hauna gharama, na bado ni watu wachache wanaoufanya.

Dizeli iliyorudi tangini

Kwa kesi za "haina moshi", mshukiwa wangu wa kwanza siku zote ni hewa. Dizeli hukaa kwenye mabomba kuanzia tangini hadi kwenye pampu, na inabaki huko usiku kucha kwa sababu mfumo umefungwa vizuri. Pakiwa na mwanya wowote, mpira uliokakamaa, klipu iliyolegea, sili ya filta iliyowekwa vibaya, hewa huingia polepole na mafuta kurudi tangini. Mwanya huo unaweza kuwa mdogo kiasi kwamba hauvuji hata tone chini ya gari, kwa sababu upande ule unavuta badala ya kusukuma. Mchana hulijui, maana gari halilali muda wa kutosha. Asubuhi pampu inavuta hewa tupu, unapiga stata sekunde arobaini, kisha linawaka kwa kutetemeka, na wewe unasema ni baridi. Baridi ina mkono wake kidogo hapa, kwa kuwa mpira mzee hukakamaa na kusinyaa ukipoa, lakini kosa ni la mpira.

Jaribio ni rahisi. Magari mengi ya dizeli yana pampu ya mkono juu ya filta au karibu nayo. Alfajiri, kabla ya kugusa ufunguo, ibonyeze. Ikiwa laini na tupu mara kumi au ishirini kabla haijawa ngumu, mafuta yalikuwa yameondoka. Ikishakuwa ngumu, washa. Gari likiwaka mara moja, umeshapata jibu. Kinachobaki ni kutafuta mwanya: fundi anayejua kazi atakufungia kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu, na mapovu yatajionyesha yenyewe. Anza na kile kilichofunguliwa mwisho. Ikiwa filta ilibadilishwa wiki iliyopita na shida imeanza wiki hii, usitafute mbali. Sili ya zamani huenda imebaki imeng'ang'ania juu na mpya ikafungwa juu yake.

Badilisha mipira yote ya mafuta kwa pamoja ikiwa mmoja umepasuka. Imezeeka siku moja.

Hita, betri, oili

Plagi za hita ni vile vijiti vinavyoingia kwenye silinda kuipasha joto kabla injini haijawaka. Magari ya zamani yanazihitaji sana: Land Cruiser ya injini 1HZ, Hilux za 2L, 3L na 5L, na ndugu zao wote ambao dizeli hupuliziwa kwanza ndani ya chumba kidogo cha pembeni. Chumba hicho kina kuta nyingi za kunyonya joto, na bila hita asubuhi ya Ngong ni mapambano. Injini mpya za kisasa zinaweza kuwaka bila hita hata kwenye nyuzi 10, kwa hiyo hita zikifa huko hujui mpaka kasoro nyingine zichangie.

Silinda nne zikiwa na hita mbili tu nzima, injini huwaka kwa silinda mbili, inatikisika kama ina homa, inatoa moshi mweupe, na baada ya dakika moja hutulia. Ukiona hivyo, pima. Ondoa kile kipande cha chuma kinachounganisha vichwa vya plagi, chukua taa ya kupimia, bana waya wake kwenye chanya ya betri, kisha gusa kichwa cha kila plagi kwa ncha. Taa ikiwaka, umeme unapita. Isipowaka, hiyo imeungua. Zikiwa zote nzima lakini hazipati umeme, angalia fyuzi kubwa na rilei. Unaponunua mpya, soma volti zilizoandikwa kwenye ile ya zamani, kwani plagi mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kuwa za volti tofauti, na ya volti chache itaungua siku ya kwanza. Zifungue injini ikiwa na joto. Plagi iliyovimba ncha ikilazimishwa kwenye chuma baridi hukatikia ndani, na hapo kazi ya nusu saa inakuwa ya kushusha kichwa cha injini.

Na tafadhali, usubiri taa ya hita izime kabla ya kupiga stata. Kwenye gari kuukuu, zungusha ufunguo, subiri izime, rudisha, zungusha tena, subiri, ndipo upige. Nusu ya madereva wa usafiri wa haraka haraka hawajawahi kuiona taa hiyo ikizima.

Betri: ikiwa imelala usiku, ya volti 12 iliyojaa inasoma karibu 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na kwenye 12.0 inakaribia kuisha hata kama taa zinawaka vizuri. Baridi hupunguza nguvu ya kemikali ndani yake, hapo hapo ikiifanya oili kuwa nzito, kwa hiyo betri inadaiwa zaidi siku inayoweza kidogo. Kabla hujainunua nyingine, safisha vichwa vyake, kisha fuata waya mnene wa hasi unaotoka kwenye betri hadi kwenye bodi na ule unaotoka kwenye bodi hadi kwenye injini. Huu wa pili ndio uliosahauliwa kwenye kila gari lililowahi kushushwa injini. Lori la volti 24 lina betri mbili. Badilisha zote mbili pamoja, vinginevyo ile mbovu itaimaliza mpya. Usipige stata zaidi ya sekunde 10 hadi 15 kwa mpigo mmoja, na uipumzishe dakika moja kati.

Kuhusu oili nitasema moja tu: ikiwa mwongozo wa gari unaruhusu 15W-40, hakuna sababu ya kuweka 20W-50 kisha kulalamikia baridi. Namba iliyo mbele ya W inahusu uzito wa oili ikiwa baridi, na ndogo ndiyo nyepesi.

Kama umekagua yote haya na moshi mweupe unaendelea, ila gari likisukumwa kwenye mteremko linawaka bila ubishi, stata au betri bado inazungusha polepole. Likisukumwa na likagoma, ni wakati wa kupima mbano wa silinda. Hapo ufanye hesabu ya injini nzima, na msimu hauna lawama.

Maji na mafuta taa

Maji ndiyo yanayostahili lawama nyingi tunazompa mzee baridi. Yanaingia kwa mvua kwenye tangi la chini ya ardhi la kituo, kwa mtungi uliooshwa na haukukauka, kwa kifuniko kilichopotea kikafungwa kitambaa, na kidogo kidogo kwa unyevu wa hewa unaojishika kwenye kuta za tangi lililo nusu tupu usiku wa ukungu. Kujaza tangi jioni badala ya asubuhi kunapunguza hilo la mwisho. Faida yake ni ndogo lakini ni ya bure. Maji ni mazito kuliko dizeli, yanalala chini, na bomba la kuvutia mafuta liko huko huko chini. Yakifika kwenye injekta za kisasa, zinazofanya kazi kwa msukumo mkubwa mno, yanakwangua chuma na kuleta kutu, na bei ya injekta nne unaweza kuilinganisha na ya ng'ombe wazuri pale Kiserian.

Chini ya filta nyingi kuna kikombe au skrubu ya kutolea maji. Weka chupa safi inayoonyesha ndani, legeza, toa kiasi cha nusu glasi, funga, kisha bonyeza pampu ya mkono kutoa hewa. Iache chupa itulie saa mbili tatu. Dizeli nzuri inaonekana safi na kung'aa. Tabaka au matone yanayoteleza chini ni maji. Ute mweusi katikati ni vijidudu vinavyoishi pale maji yanapokutana na dizeli, na ukiuona, tangi lote lishushwe lioshwe, maana kubadilisha filta peke yake ni kuwapa chakula kipya. Vipande vyeupe vinavyoelea ambavyo huyeyuka ukiiweka chupa juani vinakurudisha kwenye mafuta ya kupikia. Malori ya maji ya Kitengela na jenereta za visima Isinya na Kajiado, zinazokaa wiki bila kuwashwa, zinahitaji jaribio hili kila mwezi. Gari la kila siku, kila unapobadilisha oili.

Ukikuta lori la mafuta linashusha kwenye kituo, pita. Matope na maji yaliyotulia chini ya tangi la kituo yamekorogwa wakati huo, na wewe ndiwe utakayeyabeba.

Mafuta taa ni hadithi yenye kejeli yake. Kwenye nchi za theluji, kuchanganya dizeli na mafuta ya jamii ya mafuta taa ni njia halali na ya zamani ya kuizuia isigande, kwa kuwa mafuta taa yana nta kidogo sana. Kwetu mchanganyiko huo huo ulikuwa wizi, uliolipa kwa sababu mafuta taa yalitozwa kodi ndogo. Ndiyo maana mwaka 2018 Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, ikaiita wazi wazi tozo ya kuzuia uchakachuaji, na bei yake ikapanda kukaribia ya dizeli. Mama aliyepikia stovu ndiye aliyeilipa, lakini hilo lina makala yake.

Dizeli iliyochakachuliwa hivyo haitakusumbua alfajiri. Itakusumbua mchana. Mafuta taa ni mepesi na hayalainishi chuma vizuri. Pampu iliyolika huyavujisha kwa ndani, hasa ikiwa na joto, na msukumo haufiki kwenye injekta. Gari linawaka vizuri Ngong saa kumi na mbili asubuhi, unalizima Namanga saa sita kununua maji ya kunywa, na linakataa kuwaka. Likipoa, linakubali. Ukiona mtindo huo, shuku pampu kwanza kisha mafuta yaliyoichosha. Nunua kwenye kituo kimoja unachokijua, chukua risiti kila mara, na ukiwa na shaka weka sampuli kwenye chupa safi iliyofungwa, iandike tarehe, upeleke malalamiko EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli. Bila risiti unakuwa unasimulia tu.

Mambo manne usiyafanye hata kama jirani anayafanya. Jiko la makaa chini ya sampu: mvuke wa dizeli, oili iliyovuja na makaa havina urafiki. Maji yanayochemka juu ya pampu ya injekta: chuma kinachotanuka ghafla upande mmoja kinakwama. Dawa ya kupuliza ya kuwashia kwenye injini yenye hita: hita zikiwa zimewaka, dawa hulipuka ndani ya bomba la hewa, na pistoni zikivunjika hutakuwa na wa kumdai. Na petroli ndani ya dizeli, kwa kiasi chochote.

Ukienda kuendesha kwenye baridi yenyewe

Wapo vijana wa Kajiado wanaotafuta kazi za malori Poland au Kanada, na wapo Waafrika Mashariki wengi walioko barabarani sasa hivi Minnesota. Huko sahau niliyosema juu. Usiku wa nyuzi −30 Alberta si habari ya gazeti, na dizeli huganda kweli.

Dalili yake ni ya hila. Lori linawaka vizuri kwa mafuta yaliyokuwa tayari kwenye pampu, linaondoka, kisha baada ya kilomita chache linapoteza nguvu kwenye mlima, linavuta kidogo, linazimika. Ni filta imefunikwa nta. Kinga yake ni kujaza mafuta ya kule unakolala, si ya kule ulikotoka. Dizeli ya Texas mwezi wa Januari haijaandaliwa kwa North Dakota. Vituo vya kaskazini huuza mchanganyiko wa majira, wenye dizeli namba 1 iliyo nyepesi ndani ya namba 2. Angalia pia kiasi cha dizeli ya mimea. Minnesota, kwa sheria, miezi ya joto inachanganya asilimia 20, na miezi ya baridi inashuka hadi 5, kwa sababu ile ile inayogandisha mtungi wako wa mawese jikoni Ngong.

Dawa ya kuzuia kuganda hutiwa mapema, mafuta yakiwa bado na joto, kabla ya kujaza tangi ili ichanganyike. Haiyeyushi nta, inazuia chembe zisikue na kushikana. Ukishaona ukungu umechelewa, na unahitaji dawa ya aina nyingine, ya dharura. Kampuni ya Power Service huuza zote mbili: chupa nyeupe ni ya kinga, nyekundu iitwayo Diesel 911 ni ya uokoaji, na wageni wengi hununua moja wakidhani ni nyingine. Kwenye kabati la lori weka nyekundu moja, filta mbili za akiba, na spana ya kuzifungulia. Usikubali kuuziwa dizeli iliyotiwa rangi nyekundu kwa sababu ni rahisi: Marekani hiyo ni ya mashamba na mitambo, haijalipiwa kodi ya barabara, na faini ya serikali kuu huanzia dola 1,000.

Utaona waya wa umeme unaning'inia mbele ya magari. Ni wa hita ya bloku, inayochomekwa ukutani usiku ili kupasha maji ya injini. Ichomeke saa chache kabla ya kuondoka. Toa maji kwenye matangi ya hewa ya breki kila jioni, maana yakiganda hewa haipiti na huna breki. Kile kimiminika cha kusafisha moshi, AdBlue, huganda kwenye nyuzi −11, lakini tangi lake lina hita na lori limeundwa kukivumilia. Usikitie chumvi wala spiriti.

Ukigandiwa njiani, washa taa za hatari, piga simu kabla betri na simu havijafa, na usitoke ukatembea. Likivutwa, liingizwe ndani ya gereji yenye joto kwa saa nyingi, mchana kutwa ikibidi, kwani lita mia tano hazipashiki kwa dakika kumi. Badilisha filta, na mpya uijaze mafuta yaliyotiwa dawa ya dharura kabla ya kuifunga. Ile uliyoitoa usiitupe mara moja. Iweke kwenye beseni ndani ya chumba chenye joto uone inatoa nini: ikitoa dizeli safi tupu, nta ilikuziba, na shida ni mafuta uliyojaza, ikiacha maji chini ya beseni, barafu ndiyo iliyokuziba, na kikombe cha kutenganisha maji hakijaguswa tangu lori hilo likabidhiwe kwako.